Barafu Inaanzia Wapi?

Chukua molekuli moja ya maji, uitenge na nyingine zote, kisha uulize: hii ni barafu, ni maji, au ni mvuke? Swali halina jibu. Vitabu vya shule hutuchorea masanduku matatu: katika yabisi vidoa vimebanana, katika kimiminika vinapishana, katika gesi vimetawanyika. Mchoro si mbaya, ila humwacha mwanafunzi akidhani kila kidoa kimebeba hali yake. Hakikubeba kitu. Popote kilipo ni oksijeni moja na hidrojeni mbili.

Labda tofauti ni mwendo? Lakini hata ndani ya barafu molekuli hutikisika bila kukoma. Tena mwanasayansi Joseph Black, huko Glasgow miaka ya 1760, alionyesha kwamba barafu inayoyeyuka hupokea joto jingi na kipimajoto kisipande hata kidogo. Kilo moja humeza kilojuli 334 ikiwa palepale kwenye nyuzi 0. Joto hilo haliendi kuongeza kasi. Linalegeza mshikamano wa molekuli. Kwa hiyo barafu na maji yanayoizunguka vina halijoto moja. Kilichobadilika ni namna molekuli zilivyoshikana.

Na halijoto yenyewe ni ya kundi. Mtungi wa Dodoma, wakati wa kiangazi, hupooza maji bila umeme: maji hupenya udongo, molekuli zenye kasi kubwa hutoroka hewani kwanza, na wastani wa zilizobaki hushuka. Molekuli moja ina kasi, haina ubaridi.

Hapo mtu atasema: basi zilizopo kweli ni chembe tu, na barafu ni jina. Sikubali. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kupasua chupa, ilhali hakuna molekuli hata moja iliyonenepa. Zimejipanga tu kwa pembe sita, zikaachiana nafasi katikati. Kama mpangilio unapasua kioo, sijui tuunyime uhalisi kwa hoja gani.

Linabaki fumbo la Wagiriki wa kale: punje ngapi hufanya lundo? Na molekuli ngapi hufanya barafu? La lundo tunaweza kulimaliza kwa kukubaliana, kwa kuwa punje ya mia haiigeuzi ya kwanza. Barafu haisubiri makubaliano yetu. Watafiti wamechunguza vikundi vidogo mno vya molekuli za maji vilivyopozwa sana: vikiwa na chache, mpangilio wa fuwele haupatikani, vikifikia makumi na mamia, unaanza kujitokeza, kwanza katikati ya kikundi, huku molekuli za pembezoni zikiwa bado shaghalabaghala.