Matibabu ya Maskini: Ni Sadaka au Ni Haki?

Aghlabu, baada ya swala ya Ijumaa, husimama mtu mlangoni mwa msikiti akatangaza kuwa ndugu yetu fulani amelazwa, na hesabu ya hospitali imemshinda. Hutandikwa nguo, na kila mtu hutia alichoruzukiwa. Hapana shaka jambo hili ni la kheri, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Lakini yatupasa tujiulize: mjane wa Kuze asiye na wa kumsemea, au mgeni asiyejulikana Kibokoni, ni nani atakayemtandikia nguo? Na kwa nini twaitandika baada ya deni, wala si kabla ya maradhi?

Swali hili limezidi uzito tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Serikali ya Kenya ilipoiondoa NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, na kuweka mahali pake Mamlaka ya Afya ya Jamii, ijulikanayo kwa jina la SHA. Zamani mwenye mshahara mkubwa kabisa hakutoa zaidi ya shilingi 1,700 kwa mwezi. Katika mpango huu mpya hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Na asiye na mshahara hukadiriwa pato la nyumba yake, wala halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Wako wasemao kuwa bima zote ni haramu, basi Muislamu ajitenge nayo. Twajibu kuwa wanavyuoni wamepambanua. Mkutano wa wanavyuoni uliofanyika Misri mwaka 1965 uliruhusu mipango ya kijamii ya Serikali na vyama vya kusaidiana. Na Majmaa ya Fiqhi, ilipokutana Jeddah mwaka 1985, ilikataza bima ya biashara kwa sababu ya gharari iliyomo, ikaruhusu ile iliyosimama juu ya kuchangiana.

Tena tuna mfano ulio bora. Mtume wetu (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ashari kwa kuwa chakula kilipowapungukia, walikusanya kila walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Tazameni, ndugu zetu: nguo ile haikutandikwa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeinamisha kichwa kwa haya. Ilikuwa ya wote, na aliyetia kingi na aliyetia kichache walipata kwa kipimo kimoja.

Wako tena wasemao: "Mali hii italiwa, kwa nini tutoe?" Hofu hii haikuzuka bure. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza kuwa mitambo ya mpango huu, iliyogharimu shilingi bilioni 104.8, haikuwa mali ya Serikali. Hili ni jambo la kuulizwa kwa sauti kubwa, wala haifai kulinyamazia. Lakini hiana ya mshika amana haifuti haki ya jirani mgonjwa. Watu wakimwona mlinzi wa kisima aiba maji, humwondoa mlinzi, hawakifukii kisima. Basi anayezuia mchango wake wala hamuulizi mbunge wake neno, huyo hakupinga wizi. Amejipunguzia gharama tu.

Lakini na Serikali nayo yapasa isikie. Sheria ilipoanza, ilimtaka asiye na mshahara alipe mwaka mzima kwa pamoja, yaani si chini ya shilingi 3,600. Mvuvi ambaye kusi humweka pwani siku nyingi, na mama auzaye mahamri barazani, riziki yao ni ya siku kwa siku. Kumtaka mtu wa namna hii atoe ya mwaka kwa mkupuo mmoja ni kumfungia mlango kisha kumlaumu kwa kuwa hakuingia.

Hapa ndipo ilipo kazi yetu sisi. Kila mtaa una zaka zake na sadaka zake. Na tuwaandike wasioweza, tuwalipie mchango wao wangali wazima. Na kwa kuwa madhehebu yetu ya Shafi yashurutisha zaka imilikishwe mwenyewe, na apewe mkononi mwake alipe, au kwanza atakwe idhini yake. Hivyo ndivyo atakavyoingia hospitali kama mwenzake, bila ya jina lake kutangazwa mlangoni.

Basi, ni sadaka au ni haki? Qur'ani yenyewe imelihesabu fungu la mwombaji na aliyenyimwa katika mali za wacha Mungu kuwa ni haki. Na mwenye haki hangojei kuhurumiwa. Nguo ya mlangoni na ibaki kwa yale yasiyotazamiwa. Lakini tusiifanye ndiyo hospitali ya maskini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe tawfiki ya kutekeleza amana.

Wassalaam.