Fedha ya Amana Mkononi mwa Dalali

Je, ni haki kumwadhibu mtu ambaye kosa lake halikumpunguzia mwenziwe hata senti moja? Huko California, katika Marekani, tangu mwaka 1919 sheria humtaka dalali wa nyumba na viwanja awe na leseni ya serikali. Akiichanganya fedha ya mnunuzi na fedha yake mwenyewe, aweza kunyang'anywa leseni hiyo, hata ikiwa ameirudisha yote. Wengi huuona huo kuwa ukali, maana dalali naye ana watoto wa kulisha. Wala hawasemi uongo. Lakini mnunuzi hakumkopesha dalali. Aliweka amana kwake. Siku ile fedha ilipochanganywa, mwenyewe alitiwa hatarini pasipo kuulizwa. Kwamba hasara haikutokea ni bahati tu, na bahati haimfanyi mtu kuwa mwaminifu.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa: aliyenyang'anywa leseni aweza kuiomba tena baada ya mwaka mmoja. Tena iko akiba, iliyoanzishwa mwaka 1964, ya kuwafidia waliodhulumiwa wasioweza kulipwa na dalali mwenyewe. Dalali aliyesababisha malipo hayo husimamishwa kazi, mpaka arudishe yote pamoja na riba.