Kumpigia Makofi Aliyetushinda

Je, yatupasa kumsifu mshindani wetu saa ileile anapotushinda? Swali hili lilipata jibu Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, mwezi wa Julai 1972.

Huko walikutana mabingwa wawili wa sataranji: Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti, mwenye taji la dunia, na Bobby Fischer wa Marekani, aliyelitaka. Tangu mwaka 1948 taji hilo halikutoka mikononi mwa Wasovyeti. Fischer alishindwa mchezo wa kwanza. Wa pili hakufika, akahesabiwa ameshindwa. Akadai mchezo wa tatu uchezwe faraghani, mbali na watazamaji. Spassky angaliweza kukataa, akakubali, akashindwa.

Katika mchezo wa sita Fischer aliacha mwanzo aliouzoea, akazipanga kete zake kwa ustadi mkubwa, hata baada ya hatua 41 Spassky akasalimu amri. Watazamaji wakapiga makofi. Spassky naye, ambaye sasa alikuwa nyuma kwa mara ya kwanza, akapiga makofi pamoja nao.

Wako watakaosema kwamba huo ni udhaifu. Wengine watatukumbusha kuwa mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi twajibu: hiyo ni hatari ya mgema, wala si ruhusa kwetu ya kusema uongo. Tembo likiwa tamu, kuliita chungu ni kumdhulumu aliyeligema, kama vile kumnyima mfanyakazi ujira wake.

Tena, kukiri kweli si kukata tamaa. Spassky aliendelea kupigana. Mchezo wa 11 akaushinda. Taji lilimtoka tarehe 1 Septemba, baada ya michezo 21, kwa pointi 8½ dhidi ya 12½.

Basi tujichunguze nyumbani mwetu. Mtoto wa jirani akifaulu kuliko wetu, husemwa mezani kwamba amependelewa. Shamba la mwenzetu likistawi, hutafutwa sababu yenye kumchafua. Watoto wanasikia, nao wanajifunza kwamba wema wa mtu mwingine ni hasara yetu. Heri wangetuona tukimpongeza jirani hata pale inapotuuma.

Wazee walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Spassky alipoteza taji; haki ya mwenzake hakuipoteza.