Eliya Hakuirudia Kazi Yote

Wiki hii someni 1 Wafalme 19, polepole. Eliya amechoka hadi anaomba kufa. Mungu hamkaripii. Anamwacha alale chini ya mretemu, anamlisha mkate uliookwa kwenye makaa, Eliya analala tena, analishwa tena. Baadaye anarudishwa kazini: awapake mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha. Fuatilieni hadi 2 Wafalme 8 na 9 mwone: Eliya alimwita Elisha tu. Ya Hazaeli na Yehu yalitimia kupitia Elisha. Wala Eliya hakulaumiwa. Alichukuliwa juu kwa utukufu.

Nayasema haya kwa kuwa mvua zimeanza, na kati yetu wapo waliotibiwa moyo, wengine hapa hapa Hospitali ya Benjamin Mkapa, wengine Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Muhimbili. Tunawapokea kwa vigelegele, tunatoa sadaka ya shukrani, kisha Jumatatu tunawakabidhi jembe. Aliyewekewa valvu ya chuma anaonekana mzima. Hatumwoni anaposimama katikati ya shamba kutafuta pumzi. Hatujui kuwa dawa ya kuzuia damu isigande inamtaka apimwe damu mara kwa mara, na kwamba hata mlenda wake lazima uwe wa kiasi, asiule sana wiki hii na kuuacha wiki ijayo. Mwalimu anayemeza vidonge vya kupunguza maji mwilini anatoka darasani kila mara kwenda msalani, na watoto wanamcheka.

Mwenye ajira ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, zinazobaki kwa nusu. Mkulima wa Bahi au Chamwino likizo yake ni majirani.

Lakini msimfichie jembe, na hili linaniumiza zaidi. Wapo tuliowaondoa kwenye kwaya, shamba na vikao kwa kuwahurumia, wakabaki wageni nyumbani kwao. Muulizeni daktari mgonjwa anaweza nini. Kupogoa zabibu asubuhi, kabla jua halijawa kali, huenda akaweza.

Jumamosi hii jumuiya itapanda uwele katika shamba la mwenzetu aliyerudi kutoka hospitali. Njooni saa kumi na mbili asubuhi na majembe. Sisi tutachimba mashimo. Yeye ameomba adondoshe mbegu, kwa mwendo wake, nasi tutamfuata.