Ramani ya Hatari na Imani Yetu

Je, anayechora ramani ya hatari anamwamini Mungu kidogo kuliko anayepiga magoti na kuomba? Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, unatusaidia kujibu.

Mlima Nyiragongo uko kilomita zisizofika 20 kaskazini mwa mji huo. Tarehe 17 Januari 2002 ubavu wake ulipasuka. Lava ikateremka, ikapita Goma hadi Ziwa Kivu, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege.

Wataalamu hawawezi kuuzuia mlima. Wanachoweza ni kupanga taarifa kwenye kompyuta, tabaka juu ya tabaka: miinuko na mabonde yaliyopimwa kwa setilaiti, nyufa za zamani, njia ambazo lava ilikwisha kupita, kisha nyumba, barabara, shule na hospitali. Lava hufuata mteremko kama maji, hivyo kompyuta hukadiria itakakoelekea. Penye hatari kubwa hupakwa rangi nyekundu. Ramani haitaji siku wala saa. Inaonyesha walio njiani.

Katika Ezekieli sura ya 33, mlinzi anayeona hatari akanyamaza anadaiwa damu ya waliopotea. Kujua ni deni. Naye Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Kwa hiyo, kuomba huku tumeikataa ramani si imani kubwa.

Lakini anayeijua ramani naye asimhukumu jirani. Wengi Goma walijenga tena juu ya lava iliyopoa kwa sababu kiwanja chao, soko na shule ya watoto viko pale. Luther, akieleza amri ya tano, anafundisha kwamba haitoshi kutomdhuru jirani. Ni lazima kumsaidia katika mahitaji ya mwili wake. Kumwonya maskini bila kumwonyesha pa kwenda ni kuifanya kazi nusu.

Hapo usharika una kazi yake. Setilaiti huona paa. Haimwoni bibi aliyelala kitandani chini yake, asiye na wa kumbeba. Wazee wa kanisa wanamjua. Wakae mapema, waandike majina ya wasioweza kukimbia, na kila jina lipewe mtu wa kulibeba. Kisha tuombe.