Deni la Mwenye Kutaja Jina

Jina hupewa mtu naye hajatenda neno lo lote. Cheo hupewa kwa ajili ya kazi aliyoitenda, au ile inayotazamiwa kwake. Mtoto huitwa Juma kwa kuwa alizaliwa siku ya Ijumaa, wala hapana amdaiye kitu kwa kuitwa hivyo. Lakini mtu akiitwa hakimu, hutazamiwa haki. Akiitwa mganga, hutazamiwa dawa. Akiitwa mwalimu, hutazamiwa elimu. Basi cheo ni namna ya ahadi, na wahenga walikwisha sema kwamba ahadi ni deni. Watu wengi hukubali neno hili. Lisilofikiriwa sana ni upande wa pili wa deni hilo. Amwitaye mwenzake hakimu amekubali kuhukumiwa naye. Amwitaye mwalimu amekubali kufundishwa. Je, mtu ampaye mwingine cheo kikubwa kwa ulimi, kisha akakataa kudaiwa kwa ajili ya cheo hicho, amesema kweli au amesema uongo?

Swali hili ni zito mahali pengi, lakini huonekana wazi zaidi katika majina na vyeo anavyopewa Mwokozi wa Wakristo ndani ya Biblia. Vyeo hivyo ni vingi, na wahubiri hupenda kuvitunga kama shanga katika uzi, kana kwamba wingi wa sifa ndiyo heshima yenyewe. Maandiko hayafanyi hivyo. Humo kila cheo hutajwa mahali pake, na aghalabu mwenye kukitaja huonekana mara hiyo hiyo kwamba amejitia katika jambo asilolipima.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa la kawaida. Yesu ni umbo la Kiyunani la jina la Kiebrania Yeshua, ambalo ni kifupi cha Yehoshua, na maana yake ni kwamba Mungu huokoa. Ndilo jina la Yoshua aliyewaingiza Waisraeli Kanaani baada ya kufa kwa Musa. Katika karne ya 1 Wayahudi wengi waliitwa hivyo. Yosefo, mwandishi wa historia, ataja watu kadhaa wenye jina hilo, na Waraka kwa Wakolosai wamtaja Yesu mwingine aliyeitwa pia Yusto. Ndiyo sababu watu walipotaka kumtambulisha yule wa Injili walilazimika kuongeza neno: huyu ni wa Nazareti, huyu ni mwana wa Yusufu. Jina lenyewe lilikuwa mali ya kila kijiji. Injili ya Mathayo yasema kwamba alipewa jina hilo kwa sababu angewaokoa watu wake na dhambi zao. Kwa hiyo tangu mwanzo jina lake lilitajwa pamoja na kazi iliyokuwa ikimngoja.

Kristo si jina la ukoo, ingawa wengi hulidhania hivyo. Ni neno la Kiyunani lenye maana moja na neno Masihi la Kiebrania: mtu aliyepakwa mafuta. Haruni alipakwa mafuta ili awe kuhani. Sauli na Daudi walipakwa ili wawe wafalme. Hata Koreshi mfalme wa Uajemi, ambaye hakuwa Mwisraeli, aitwa masihi katika Kitabu cha Isaya, kwa kuwa mkono wake ndio uliowafungulia mateka wa Babeli njia ya kurudi kwao. Walakini kufika zama za Injili, taifa lilikuwa chini ya Warumi, na wengi waliolitaja neno Masihi waliona mbele ya macho yao upanga na kiti cha enzi.

Hapo ndipo kisa cha Kaisaria-Filipi kinapopata uzito wake. Yesu aliwauliza wanafunzi wake watu humnena kuwa nani, kisha akawauliza wao wenyewe. Petro akajibu kwamba yeye ndiye Kristo. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini katika Injili ya Marko mwenye kujibu sahihi hakusifiwa. Wanafunzi walionywa wasimwambie mtu. Mara Yesu akaanza kusema habari za mateso na kifo, na Petro akamchukua kando akaanza kumkemea. Ndipo mwanafunzi huyu, ambaye punde tu alikuwa ametaja cheo kilicho bora, akaitwa Shetani. Kosa lake lilikuwa nini? Hakukosea neno, alikosea bei ya neno. Alitaka Kristo ambaye kumfuata hakugharimu kitu. Cheo kilikuwa cha kweli kwa mwenye kuitwa, kikawa bado si cha kweli kinywani mwa mwenye kuita.

Ufunuo wa Yohana wafunza jambo hilo hilo kwa picha. Mwonaji analia kwa kuwa hapana astahiliye kukifungua kitabu chenye mihuri 7. Mzee mmoja amwambia asilie, kwa maana Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Mwonaji ageuka kumtazama simba, na amwonaye ni Mwana-Kondoo aliye kana kwamba amechinjwa. Sikio limesikia cheo cha nguvu; jicho limeona jeraha. Vyeo vyote viwili ni vya mmoja, wala kimoja hakikufutwa ili kingine kisimame. Mtu apendaye kutaja Simba bila ya kumtazama Mwana-Kondoo amechukua nusu ya ushuhuda, na nusu hiyo peke yake inaweza kuwa hatari mkononi mwa mwenye nguvu.

Injili ya Yohana ina vyeo 7 ambavyo Yesu ajipa mwenyewe: mkate wa uzima, nuru ya ulimwengu, mlango wa kondoo, mchungaji mwema, ufufuo na uzima, njia na kweli na uzima, na mzabibu wa kweli. Vingi vya hivyo havikutoka katika majumba ya wafalme. Vimetoka jikoni, zizini, barabarani na shambani. Si vyeo vya kutazamwa kwa mbali. Ni vyeo vya kutumiwa. Mkate husifiwa na mlaji, njia husifiwa na mwendaji. Mtu asemaye kwamba Yesu ni mkate amekiri njaa yake. Asemaye kwamba ni nuru amekiri kuwa gizani. Mwenye kushiba akisifu mkate, na mwenye kukaa kitako akisifu njia, maneno yao ni mazuri lakini hayana kazi.

Tena kipo cheo ambacho Yesu hukitumia kwa nafsi yake kuliko vyote, nacho ni Mwana wa Adamu. Katika Kitabu cha Ezekieli ni neno la kumwita nabii, kumkumbusha kuwa yeye ni mtu dhaifu mbele ya Mungu. Katika Kitabu cha Danieli yuko aliye mfano wa mwanadamu, ajaye na mawingu ya mbinguni, naye apewa mamlaka isiyokoma. Hivi neno moja lagusa mavumbi na lagusa mbingu. Lugha ya Kiswahili imeipokea maana ya chini ya neno hilo kwa njia yake yenyewe, kwa kuwa binadamu si kitu kingine ila bin Adamu. Kila mtu apitaye njiani, mwenye kanzu na mwenye matambara, huitwa kwa cheo ambacho Mwokozi alikichagua. Ni vigumu kukiheshimu kanisani na kukidharau sokoni.

Lakini cheo kilichodai gharama kubwa kuliko vingine ni Bwana. Katika tafsiri ya Kiyunani ya Agano la Kale neno hilo lilisimama mahali pa jina la Mungu lisilotamkwa. Katika dola ya Kirumi neno hilo hilo alipewa Kaisari. Ndiyo maana Polikarpo, askofu wa Smirna, alipoletwa mbele ya maliwali wa Kirumi katika karne ya 2, akahimizwa akiri kwamba Kaisari ni Bwana, alikataa, akachomwa moto. Yeye alijua kwamba mtu hawezi kuwapa wawili neno hilo moja kwa maana moja.

Wengine walikuja baadaye wasiojua hivyo, au waliojua wakanyamaza. Mwaka 1564 John Hawkins, Mwingereza, alisafiri kwenda pwani ya Afrika Magharibi kuchukua watu na kuwauza utumwani ng'ambo ya bahari. Jahazi lake kubwa, aliloazimwa na Malkia Elizabeth wa 1, liliitwa Jesus of Lübeck. Jina ambalo maana yake ni kwamba Mungu huokoa lilichukua watu waliofungwa. Mabaharia wale hawakulikana jina hilo. Walilitaja kila siku. Hapana kufuru kubwa kuliko hii, kwa kuwa mwenye kukana huonekana, bali mwenye kutaja bila kulipa hujificha nyuma ya kile akitajacho.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ililipima neno hili kwa mizani ya uchungu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kanisa la Mkunazini likajengwa mahali pake. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo, ndiye aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja, likatolewa mwaka 1879. Wakati huo utumwa wenyewe ulikuwa bado halali. Haukuondolewa kisheria katika Unguja mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo nje ya mlango wa kanisa neno bwana lilikuwa na maana iliyojulikana na kila mtu: ni yule amilikiye watu. Neno hilo hilo ndilo lililotakiwa kubeba utukufu wa Mwokozi.

Mtu aweza kufikiri kwamba lilikuwa neno baya la kuchagua. Yamkini haikuwa hivyo. Tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, iliyounganisha Kiswahili cha Mombasa na cha Unguja, haikuona haya kumwita Paulo mtumwa wa Kristo, na katika mfano wa mdeni asiyesamehe ilitumia neno la pwani ambalo leo limekuwa adimu: mjoli. Mjoli ni mtumwa mwenziwe mtumwa chini ya bwana mmoja. Hapo ndipo lilipo deni. Mtu amwitaye Kristo Bwana, papo hapo amejiita mtumwa. Na mtumwa hana watumwa wake mwenyewe, ana wajoli tu. Cheo kinachompandisha mmoja juu ya wote kinawasawazisha wote chini yake. Paulo alimrudishia Filemoni mtumwa wake Onesimo na waraka mfupi, akimwomba ampokee kama ndugu mpendwa. Waraka ule haukuivunja sheria ya utumwa, na kwa karne nyingi wenye watumwa waliusoma pasipo kushtuka. Lakini mbegu ilikuwa ndani yake: watu wawili wakiwa na Bwana mmoja, mmoja wao atakuwaje bwana wa mwenzake?

Yesu mwenyewe alilikata shauri hili usiku wa mwisho. Alipokwisha kuwaosha wanafunzi miguu, aliwaambia kwamba wao humwita Mwalimu na Bwana, nao hunena vema. Basi ikiwa yeye amewaosha, yawapasa nao kuoshana miguu. Hakukikataa cheo. Alionyesha kwamba kina beseni na kitambaa.

Yapo mashaka mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba ukweli wa cheo hautegemei moyo wa mwenye kukitaja. Pilato aliandika juu ya msalaba, kwa lugha 3, kwamba huyu ni Mfalme wa Wayahudi. Aliandika bila ya kuamini, na Wakristo husema kwamba aliandika kweli. Jambo hili ni sawa. Lakini lathibitisha hoja, halivunji: maandishi yalikuwa kweli, na mwandishi hakuwa mkweli. Ukweli wa neno na ukweli wa mtu ni vitu viwili, na mtu hataokoka kwa kuwa amekopesha kalamu yake kwa neno la kweli.

La pili latoka kwa majirani. Katika pwani hii Waislamu wengi humtaja Nabii Isa kwa heshima. Kurani yamwita Masihi, mwana wa Mariamu, na Neno litokalo kwa Mungu, ila yakana kwamba ni Mwana wa Mungu. Hitilafu hiyo ni ya kweli, wala si adabu kuifunika kwa maneno matamu. Lakini ikiwa cheo ni deni kwa mwenye kukitaja, basi Mkristo hawezi kukifanya fimbo ya kumpigia jirani. Hapana mtu amwonyeshaye mwenzake hati ya deni lake mwenyewe ili kujivuna.

Basi swali la mwanzo lina jibu. Mtu ataje jina kubwa na kukataa kudaiwa kwa ajili yake, hakusema uongo juu ya mwenye jina. Amesema uongo juu ya nafsi yake. Majina ya Mwokozi yalikwisha kuandikwa, wala hayapungui kwa kinywa cha mnafiki. Linalobaki kuandikwa kila siku ni jina la mwenye kutaja. Na hilo haliandikwi kwa ulimi. Huandikwa na mjoli wake, yule aliyekuja na miguu yenye vumbi, akaoshwa au akaachwa mlangoni.