Je, Kuigiza ni Kusema Uongo?



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha alitujia darasani bwana mmoja wa Mji wa Kale, mkononi ana karatasi ya binti yake. Ilikuwa ni karatasi ya kuchagua masomo ya sekondari ya juu, ambayo wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Januari 2026. Binti alikuwa ameshika njia ya Sanaa na Michezo, na katika masomo yake ametia uigizaji na filamu. Baba akauliza: "Maalim, mwanangu nimemlea miaka yote hii nikimkanya uongo. Leo nitie sahihi akafundishwe kuusema mbele ya watu?"

Baadhi ya waliokuwapo walicheka. Sisi hatukuona la kuchekwa, kwani swali hili ni zito, na wanaoliuliza nyumbani mwao ni wengi.

Kwanza yatupasa tujue uongo ni nini. Kutamka neno lisilo kweli peke yake si uongo. Uongo ni kulitamka ukitaka mwenzio alisadiki. Msomaji wa Qur'ani hutamka kwa ulimi wake maneno ya kiburi ya Firauni, wala hakuna aliyesema kuwa msomaji huyo amedai uungu. Sote twajua maneno ni ya nani, na kwa nini yamesimuliwa. Kadhalika munafiki na mwenye kuigiza jukwaani si watu wa namna moja. Munafiki huficha kuwa aigiza, na humo ndimo mna dhambi yake. Wa jukwaani kila aliyekaa mbele yake ajua kuwa aigiza. Pasipo wa kudanganywa, hapana udanganyifu.

Wako wasemao: "Basi na iwe si uongo, lakini ni ada ya Wazungu." Hawa twawakumbusha habari ya Ibn Rushd wa Qurtuba, aliyefariki mwaka 1198. Mwanachuoni huyu mkubwa alipokisherehesha kitabu cha Aristotle juu ya ushairi, alifuata tarjuma ya Kiarabu iliyouita mchezo wa huzuni kuwa ni mashairi ya sifa, na mchezo wa kuchekesha kuwa ni mashairi ya kukashifu. Akili hakupungukiwa, alichokosa ni kuuona mchezo wenyewe, kwa kuwa jambo hilo halikuwako kwao. Sisi tuna udhuru gani? Mwaka 1933 Tawfiq al-Hakim wa Misri alichapisha mchezo alioutoa katika kisa cha Watu wa Pangoni, na Cairo ikautazama. Hapa kwetu watoto wetu wamesoma Kifo Kisimani na Mstahiki Meya kwa ajili ya mitihani ya taifa, na sisi wenyewe tuliwanunulia vitabu hivyo. Je, lililo halali kusomwa kwa macho huwa haramu linapotamkwa kwa ulimi?

Ama hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu, nasi hatutaki kuipita kwa haraka. Mwenye kusoma habari za mlevi husoma mara moja akafunika kitabu. Mwenye kumwiga hukariri mwendo wake na sauti yake jioni baada ya jioni mpaka viungo vizoee. Aflatuni alikwisha kuonya kuwa mwenye kuiga jambo tangu ujanani huenda likawa tabia yake. Fauka ya hayo, kuna mavazi yasiyo na staha, kuna mchanganyiko wa wavulana na wasichana usiokuwa na msimamizi, na kuna kupenda kupigiwa makofi, ambako ni maradhi ya moyo. Khofu hizi ni za kweli, na mzazi mwenye kuzitaja asiitwe mjinga.

Lakini na tutazame upande wa pili. Mwezi wa Aprili 2025 wasichana wa Butere walikwenda Nakuru katika tamasha la taifa la michezo ya kuigiza na mchezo wao uitwao Echoes of War. Ulikuwa umezuiwa, Mahakama Kuu ikaamuru uruhusiwe, na mwandishi wake akakamatwa. Wasichana wale waliimba wimbo wa taifa, wakatoka jukwaani bila kuucheza, na askari wakatumia gesi ya kutoza machozi. Hatusemi mchezo ule ulikuwa mwema wala mbaya. Twasema hivi tu: kama kuigiza ni upuuzi na uongo, mbona wakubwa waliuogopa hata hivyo? Lililoogopwa ni kwamba watazamaji wangejiona humo. Mwenye dhuluma aambiwapo kwa jina lake hukasirika akaziba masikio. Aonyeshwapo mwengine afanyaye kama yeye, huenda akasikiliza mpaka mwisho.

Basi hukumu haiwi juu ya kuigiza, bali juu ya kinachoigizwa, namna kinavyoigizwa, na nia ya kukiigiza. Kalamu huandika wasia na huandika ushahidi wa uongo, wala hatukuivunja kalamu.

Bwana yule hatukumwambia atie sahihi wala asitie. Tulimwomba mambo matatu: aende shuleni akamwulize mwalimu ni michezo gani hufundishwa na nani husimamia mazoezi, aketi na binti yake wausome mchezo mmoja pamoja, neno kwa neno, kisha amwulize kwa nini alitaka somo lile, na amsikilize mpaka amalize. Alituambia kuwa hilo la tatu hakuwa amelifanya.

Nasi twachelea kuwa wengi wetu hatujalifanya. Twakataza tusichokiona, au twaruhusu tusichokiuliza, na yote mawili ni kuiacha amana. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.